Ukuta Usiofika Juu

Mwaka jana mwanafunzi wangu wa kidato cha sita aliniuliza swali lililomo katika karibu kila kitabu cha fizikia. Nililijibu kama vitabu vinavyolijibu, nikafuta ubao, nikarudi nyumbani, na usiku huo sikupata usingizi. Swali lenyewe ni hili: kwa nini mtu aliyesimama nyuma ya kona tunamsikia, lakini hatumwoni?

Jibu la darasani linaanzia kwenye beseni. Unatia maji ya kina cha vidole viwili, unasimamisha matofali mawili katikati na kuacha mwanya kati yake, halafu upande mmoja unayatikisa maji taratibu kwa rula. Mawimbi yanakwenda yamenyooka kama mistari ya daftari mpaka yanapofika kwenye matofali. Asiyewahi kuangalia atadhani kwamba kile kinachopita mwanyani kitaendelea mbele kwa upana uleule wa mwanya, kama watu wanavyotoka getini kwa foleni. Sivyo. Yakishavuka yanafunguka nusu duara, yanaingia mpaka nyuma ya matofali, mahali ambapo ungeapa kwamba pamekingwa. Weka kizibo cha chupa kule nyuma uone kinavyocheza.

Aliyelipa jambo hili jina alikuwa padri Mjesuiti wa Bologna, Francesco Maria Grimaldi. Aliruhusu mwanga wa jua uingie katika chumba chenye giza kupitia tundu dogo, akaweka kitu chembamba njiani, akakuta kivuli si kama alivyotarajia: kilikuwa kipana kuliko hesabu ya mistari iliyonyooka, na pembeni kilikuwa na michirizi ya rangi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1665, miaka miwili baada ya kufa kwake. Neno lake la Kilatini ndilo tunalofundishia hadi leo, na mimi nitaliandika difraksheni, maana kila neno la Kiswahili nililojaribu kuwapa wanafunzi lilikuwa tayari lina kazi nyingine. "Kupinda" tumelipa mwanga unapoingia majini. "Kutawanyika" limeshachukuliwa na mkutano wa hadhara.

Kinachoamua kama wimbi litazunguka au litanyooka ni kulinganisha vitu viwili tu: upana wa mwanya, au ukubwa wa kizuizi, na urefu wa wimbi lenyewe, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata. Mwanya ukiwa mpana mno kuliko wimbi, wimbi linapita kana kwamba halikuona kingo, na kivuli kinabaki kikali. Vikikaribiana, au wimbi likiwa refu kuliko mwanya, linaenea kila mahali. Sasa hesabu. Sauti husafiri hewani kama mita 340 kwa sekunde. Sauti ya mwanamume ina mitetemo ya msingi kama 120 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lake lina urefu wa karibu mita 3. Ya mwanamke, mitetemo kama 200, mita moja na kitu. Mlango wa chumba hauna hata mita moja. Mwanga, kwa upande wake, una wimbi la kama nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele ni mnene mara mia na zaidi kuliko hilo. Kwa sauti ya binadamu mlango ni tundu. Kwa mwanga mlango ni uwanja wa mpira.

Kwa hiyo kuta zetu ni za macho. Jibu hilo lilimtosha mwanafunzi. Mimi halikunitosha, kwa sababu ya nyumba moja ya Tandika.

Nilikaa humo mwaka 2011, nikiwa kidato cha tano, na mjomba aliyekuwa mlinzi wa usiku. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, uani choo na majiko. Mwenye nyumba alikuwa amejenga kwa awamu, kama wengi wetu tunavyojenga, na inaelekea fedha zilikata mapema, kwa sababu kuta za ndani zilipanda kozi chache juu ya linta zikaishia hapo. Dari hakukuwa. Nikilala chali nililiona bati likitoka juu ya kitanda changu, likapita juu ya ukuta, likaenda juu ya jirani na jirani yake bila kusimama. Kati ya ukuta na bati palikuwa na uwazi ambao mtu mzima angeweza kupenyeza kichwa na mabega. Mtu akiwasha taa usiku, mstari wa mwanga ulikaa juu ya bati langu mpaka azime.

Sauti haikuhitaji kusubiri taa. Zilipita kikohozi, sala, madeni, ndoto za watoto. (Fundi wa ujenzi atanisahihisha kwamba sehemu ya sauti iliruka kwenye bati na sehemu ilipita kwenye tofali lenyewe. Ni kweli. Lakini uwazi ule ulikuwa mlango wa saba wa nyumba.)

Nyumba kama ile haiwezi kukalika bila adabu fulani, na adabu hiyo nilifundishwa ndani ya wiki moja bila mtu kunieleza. Ulichokisikia juu ya ukuta hukukijua. Ukisikia jirani anatapika kila alfajiri mwezi mzima, hutampa hongera mpaka akuambie mwenyewe. Ukisikia mtu anamwomba mwenye nyumba amwongeze siku kumi, asubuhi unamsalimia kama mtu asiyedaiwa. Watu wa Pwani wana neno la hili, sitara, na sitaki mtu adhani nalidharau. Sitara ndiyo iliyotuwezesha, watu zaidi ya ishirini chini ya bati moja, kuamka kila siku tukiwa na nyuso. Ukuta uliacha kazi nusu. Sisi tukaimalizia.

Chumba cha pili mkono wa kulia alikaa fundi seremala na mkewe, dada mmoja mchangamfu aliyesuka watu nywele uani. Nilimzidi kwa miaka michache kinyume: yeye alikuwa na kama ishirini na miwili, mimi kumi na minane. Chumba cha mbele alikaa bibi mmoja muuza vitumbua. Baadhi ya usiku, sauti zikipanda katika chumba cha seremala, bibi huyo aliamka, akaburuta ndala zake koridoni kwa namna ambayo hata aliyelala angesikia, akasimama.

"Hodi humu. Samahanini jamani, naomba kiberiti."

Saa saba ya usiku. Mtu anayewasha jiko kila siku alfajiri hawezi kuishiwa kiberiti mara nne kwa mwaka, na kila mara usiku wa manane. Lakini mlango ulifunguliwa, kiberiti kikatolewa, bibi akashukuru, akauliza hali ya mtoto wa dada yake seremala aliyekuwa anaumwa, akasifia kitanda fulani alichokiona karakana, akasimama pale mpaka hewa ya chumba ikabadilika, akarudi zake kulala. Sisi vijana tulimpa jina, Bibi Kiberiti, na tulicheka sana.

Usiku ninaousema ulikuwa wa Agosti. Bibi alikuwa amekwenda Handeni msibani.

Kwanza nilisikia sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na maneno. Iliendelea muda. Kisha kitu kilianguka, au mtu. Kisha sauti ya mwanamke mara moja, fupi, kama ya mtu aliyeanza kusema jambo akakatishwa. Nilikuwa nimelala na kitabu kifuani. Redio ya mjomba ilikuwa juu ya sanduku, karibu na mkono, ikisema kwa sauti ya chini. Nikanyoosha mkono nikaongeza sauti. Baada yangu, chumba cha jirani nao wakaongeza ya kwao. Kisha kile cha pembeni. Kwa dakika kadhaa nyumba nzima ilikuwa inasikiliza taarabu, mpira na mahubiri kwa wakati mmoja.

Asubuhi dada yule alikuwa anafagia uani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kanga.

"Umeamkaje dada?"

"Salama. Umelalaje?"

"Salama."

Siku mbili baadaye kaka yake alikuja kumchukua, akapiga kelele mpaka mjumbe wa nyumba kumi akaitwa. Mjumbe alisimama koridoni, akatukusanya, akauliza kama kuna mtu aliyeona kilichotokea. Tulijibu mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika niliangalia sakafu nikasema, "Sikuona kitu, mzee." Na ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyeona. Ukuta ulikuwa pale.

Baadaye sana nilisoma kwamba Sheria ya Ushahidi ya Tanzania haikunipa kichaka hicho cha kujificha. Ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja, inasema, na maana yake ni kwamba jambo la kuonwa lisemwe na aliyeliona, na jambo la kusikiwa lisemwe na aliyelisikia. Sikio halipo chini ya jicho. Kinachokataliwa ni kusimulia uliyosimuliwa. Sisi hatukusimuliwa. Mjumbe aliuliza swali baya na sisi tukalishukuru swali lake.

Kiswahili nacho hakinitetei. Sisi hatusikii sauti peke yake: tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia maumivu. Mtu anayekubali kuonywa tunamwita msikivu. Lugha iliyolipa sikio kazi yote hiyo isingekubali kirahisi kwamba aliyesikia hakuwepo. Ingawa, kwa haki, aibu hatuisikii. Aibu tunaiona.

Kuna utetezi mmoja ambao niliubeba miaka mingi, na nauheshimu bado, kwa sababu kifizikia hauna kasoro. Utetezi wenyewe ni huu: hatukujua nini kilikuwa kinatokea. Sauti ya binadamu si wimbi moja, ni mchanganyiko. Kuna ule mngurumo wa msingi, mawimbi ya mita na mita, na juu yake kuna sauti ndogo kali zinazotenganisha neno na neno: ile s, ile f, ile ch, ile t. Sauti za aina ya s zina mitetemo elfu nne, elfu tano na zaidi kwa sekunde, mawimbi ya sentimita saba au nane kushuka chini. Hayo hayazunguki ukuta kirahisi. Yanafanana kidogo na mwanga, yananyooka na kuacha kivuli. Ndiyo maana harusi iliyo mtaa wa tatu unaisikia ngoma yake na si maneno ya mwimbaji. Kile kinachopindia juu ya ukuta kumfikia jirani ni uzito wa maneno, si maneno.

Kwa hiyo ni kweli, sikujua. Sikujua ugomvi ulianzia wapi, nani alisema nini, kama kilichoanguka ni kigoda au ni mtu. Ningeitwa nihukumu, ningelazimika kukaa kimya, na ingekuwa sawa.

Ila hakuna aliyeniita nihukumu usiku ule. Hapo ndipo nilipojidanganya, na nadhani ndipo wengi tunapojidanganya tunapojadili mambo ya watu: tunadhani kuna ngazi moja tu ya kujua, na kwamba asiyefika ngazi hiyo yuko huru. Kumhukumu mtu kunahitaji maneno, tena maneno yote, ya pande zote mbili. Kusema hodi hakuhitaji neno hata moja. Kunahitaji ngurumo tu. Bibi hakujua zaidi yangu. Chumba chake kilikuwa mbali zaidi na cha seremala kuliko changu, kwa hiyo kilichomfikia kilikuwa kimefifia zaidi. Hakuwahi kumwambia yule fundi kwamba amekosea, wala kumwambia mkewe aondoke, wala kutoa habari nje. Aliomba kiberiti.

Nimeifikiria sana hodi tangu hapo. Watoto wa Kiswahili tunafundishwa kwamba unaposema hodi usisimame mbele ya mlango uliokabiliana na ndani. Unasimama pembeni, macho yakiwa kwingine, unatupa sauti, unasubiri, mara tatu, usipoitikiwa unakwenda zako. Jicho linabaki nje, sauti inazunguka kizingiti na kuingia. Waliotuachia desturi hiyo hawakuwa na beseni na matofali, lakini walijua hasa mlango unazuia nini na hauzuii nini, wakatumia tofauti hiyo kwa heshima. Hodi inamwambia aliye ndani: sikuoni, na siombi kukuona, ila nipo. Sitara haivunjwi. Nilikuwa nimedhani kwamba nina mambo mawili tu ya kuchagua, kumvunjia jirani sitara yake au kumwacha. Mwanamke mzee ambaye tulimcheka alikuwa amenionyesha la tatu mara nne.

Najua yanayoweza kusemwa. Kijana wa miaka kumi na minane kugonga mlango wa mke wa mtu usiku si sawa na bibi kugonga. Kuna maswali yangeulizwa, na huenda aliyelipa majibu yake angekuwa yule dada. Tena nyumba ambayo kila ugomvi unagongewa mlango si nyumba, ni kituo cha polisi. Bibi mwenyewe hakugonga kila mara. Ugomvi tuliusikia kila wiki, kwake na kwa wengine, na aliacha mwingi upite. Alikuwa na kipimo. Haya yote nayakubali, na bado si ndiyo yaliyonizuia. Niliogopa. Na kabla hata ya kuogopa, niliona uvivu wa kuanza kuogopa. Redio ilikuwa karibu.

Hoja ya kivuli ina historia ya kuwadanganya watu wenye akili kuliko mimi. Newton, katika Opticks, alitumia tofauti hii hii ya sikio na jicho kukataa kwamba mwanga ni wimbi: kengele na mzinga vinasikika nyuma ya kilima kinachovificha, sauti inapinda, na mwanga hatuuoni ukizunguka vizuizi na kuingia kivulini kwa namna hiyo. Alichokiona kilikuwa sahihi. Hitimisho lilikuwa na kosa la ukubwa tu, kwa kuwa mwanga nao unapinda, ila mawimbi yake ni madogo mno kwa kilima. Mwaka 1818 Augustin Fresnel, mhandisi wa barabara, aliingiza nadharia yake ya mawimbi katika shindano la Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Mmoja wa waamuzi, Siméon Poisson, hakuipenda. Akaikokotoa mpaka mwisho ili aiabishe: kama mwanga ni wimbi, alisema, basi nyuma ya kisahani cha duara, katikati kabisa ya kivuli chake, lazima kuwe na nukta angavu. Upuuzi mtupu. Mwamuzi mwenzake, François Arago, akaenda kujaribu badala ya kubishana. Nukta ilikuwepo. Fresnel akapewa tuzo mwaka 1819.

Nukta ile inatokea kwa sababu katikati ya kivuli ndipo mahali ambapo mawimbi kutoka kila upande wa ukingo yanakuwa yametembea umbali uleule, kwa hiyo yanafika pamoja na kujumlishana. Wanafunzi huipenda kwa sababu inaonekana kama kiinimacho. Mimi nampenda zaidi Poisson. Hesabu yake ilimfikisha mahali panapoonekana wazi, akapaangalia, na kwa kuwa hakutaka pawepo akachukulia kutotaka kwake kuwa ni ushahidi. Kila mtu katika nyumba ya Tandika alikuwa na mahali kama hapo, katikati ya kivuli chake, alipodhani hakuna kinachofika.

Sasa nije kwenye kile kilichoninyima usingizi.

Katika fizikia ya sauti kuna kanuni ambayo nimeifundisha mara nyingi bila kuisikia. Njia ya wimbi ni ileile kwenda na kurudi. Badilisha nafasi za msemaji na msikilizaji, weka mmoja alipokuwa mwingine, na hewa iliyotulia ndani ya nyumba itapitisha kati yao kwa kiwango kilekile. Ukuta hauna upande wa nje na upande wa ndani. Kama mimi niliweza kumsikia, yeye aliweza kunisikia mimi.

Nilikuwa nimeishi miaka mingi na picha ya usiku ule ambayo ndani yake mimi ni sikio tu. Nilijilaumu kama msikilizaji aliyenyamaza. Haikuwahi kunijia kwamba sikunyamaza. Kulikuwa na mtu sakafuni upande wa pili wa ukuta, na katika kimya kilichofuata baada ya sauti yake kukatika, alisikia redio ya kijana wa chumba cha jirani ikipandishwa. Alisikia na ya pili. Alisikia na ya tatu. Alihesabu vyumba, huenda, kwa sababu mimi ningehesabu. Mpira, taarabu, mahubiri. Hilo lilikuwa jibu letu na lilimfikia vizuri, kwa njia ileile, juu ya ukuta uleule. Na asubuhi aliponiuliza nimelalaje, alikuwa anajua.

Siku hizi nakaa ghorofani. Nina sakafu ya zege juu na chini, madirisha ya alumini, kiyoyozi, na kuta zinazofika juu. Kodi ninayolipa, nikiichambua kwa uaminifu, sehemu kubwa ni bei ya kutosikia. Sina kinyongo nayo. Nimesahihisha mitihani mingi kwa utulivu huo, na usingizi si dhambi. Hata barabarani tumejinunulia ukuta wa kubeba. Hedifoni zinazofuta kelele hufanya kazi yake vizuri zaidi kwenye sauti nzito za chini, yaani zinafuta hasa ile sehemu ya jirani ambayo ukuta usingeweza kuizuia. Katika majengo kama haya mtu anaweza kufa nyuma ya mlango na wa kwanza kujua wakawa waliosikia harufu. Swali ambalo bado linanisumbua ni kama aliyelipa ili asisikie ana deni dogo kuliko aliyesikia bure. Zamani ningesema ndiyo bila kufikiri. Sasa naona kwamba kile tulichokuwa tunapewa na ukuta mfupi wa Tandika, kwa kero yote, kilikuwa ni taarifa, na taarifa hiyo haipotei kwa sababu mimi nimefunga dirisha. Bado mtu yupo, na bado sauti inatoka.

Wiki chache baada ya swali la mwanafunzi, umeme ulikatika. Kiyoyozi kikazima, joto likapanda, na jengo zima likafungua madirisha. Ilikuwa kama saa tano usiku. Kwa mara ya kwanza tangu nihamie nilisikia watu wa jengo letu: bomba, mtoto, mtu anacheka na simu. Na kutoka ghorofa ya chini yangu, ikipanda kwa dirisha na kwa ngazi, nikasikia sauti ya mwanamume, nzito, isiyo na maneno. Iliendelea muda. Kisha kitu kilianguka.

Nilishuka. Sikuwa na ujasiri wowote. Miguu ilikwenda kabla sijamaliza kubishana nayo. Majirani hao tulikuwa tunasalimiana kwenye ngazi tu. Niligonga, nikasogea pembeni ya mlango, nikasema hodi. Kimya. Nikasema tena.

Mlango ulifunguliwa kidogo. Alikuwa mwanamume wa rika langu, tochi ya simu mkononi, anahema.

"Samahani kaka," nikasema. "Umeme umekata. Naomba kiberiti."

Aliniangalia. Jengo lile kila mtu ana jiko la gesi linalojiwasha, na simu yangu yenye tochi ilikuwa mkononi mwangu, imewaka. Tulisimama hivyo. Nikamuuliza kama kwao maji yanatoka. Akasema yanatoka. Nikasema kwangu yanasuasua. Kisha ndani, gizani, sauti ya mwanamke ikasema, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi nilisikia kila herufi:

"Kipo juu ya friji. Mpe."

Kilikuwa na njiti tatu. Asubuhi nilishuka kukirudisha.